Masikio ya Mwendesha Baiskeli

Katika barabara ambazo baiskeli, bodaboda, daladala na lori la kontena hugombea lami ileile, usalama wa mwendesha baiskeli hautegemei macho peke yake, kwa kuwa macho ya binadamu hutazama mbele, ilhali hatari kubwa inayomkabili hutoka nyuma, kwa kasi inayozidi yake mara tatu au nne, na mara nyingi dereva huwa hajamwona mapema. Swali la iwapo ni salama kuvaa spika za masikioni huku mtu akiendesha baiskeli katikati ya magari limezoeleka kujadiliwa kama suala la adabu za vijana, au la mtindo wa kisasa ambao wazee hawaupendi, na kwa sababu hiyo kiini chake hakiguswi, yaani kazi ambayo sikio hulazimika kuifanya pale ambapo barabara imeshindwa kumkinga anayeitumia. Makala haya yanashikilia mambo mawili ambayo ni lazima yasemwe pamoja, kwa maana likitajwa moja bila la pili hupotosha: kwamba spika hizo zinapaswa kuvuliwa kabla ya baiskeli kuingia kwenye msongamano wa magari, na kwamba serikali au mahakama itakayozifanya kuwa maelezo ya vifo vya waendesha baiskeli itakuwa imemtwika aliyegongwa mzigo wa aliyemgonga, pamoja na mzigo wa aliyeijenga barabara.

Kwa jina la spika za masikioni hapa vinakusudiwa vifaa vyote vinavyopeleka sauti ya simu au redio moja kwa moja kwenye sikio la mvaaji, ingawa vifaa hivyo havilingani kwa athari. Kuna hedifoni kubwa zinazofunika sikio zima. Kuna spika ndogo za plastiki zinazokaa mlangoni mwa tundu la sikio bila kuliziba kabisa. Na kuna zile zenye ncha ya mpira laini zinazoingia ndani ya tundu na kulifunga, ambazo hupunguza sauti za nje hata kabla muziki haujawashwa. Miaka ya karibuni zimeenea pia spika zenye uwezo wa kufuta kelele, ambazo hubeba maikrofoni ndogo za kunasa sauti za nje na kisha kutoa mawimbi yaliyo kinyume na sauti hizo ili zibatilishane, na kazi hiyo huifanya vizuri zaidi kwa mngurumo mzito na wa mfululizo, yaani sauti ya namna ileile inayotolewa na injini ya dizeli na matairi ya lori. Kifaa kilichobuniwa kumpa abiria wa ndege utulivu kinapovaliwa barabarani humwondolea mvaaji kitu cha kwanza ambacho kingempa habari za lori.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri zaidi ukipimwa kwa sekunde. Katika Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam, ambayo hubeba malori yatokayo bandarini kuelekea Ubungo na kwingineko, tuseme mwendesha baiskeli anakwenda kwa kasi ya kilomita 15 kwa saa na lori linamjia nyuma kwa kilomita 60. Tofauti ya kasi zao ni kilomita 45 kwa saa, sawa na mita 12.5 kwa kila sekunde. Akilisikia likiwa mita 50 nyuma yake, ana sekunde 4 za kugeuza shingo, kupima nafasi iliyobaki kati yake na ukingo wa lami, kukwepa shimo asije akayumbia kulia, na kushika usukani kwa nguvu kabla upepo wa lori haujamsukuma. Akilisikia likiwa mita 15 tu nyuma, kwa sababu muziki umeizidi sauti yake mpaka lilipokaribia, anabakiwa na sekunde 1.2, na muda huo kwa watu wengi unatosha kushtuka tu. Kushtuka kwenyewe ni hatari, kwa kuwa mtu anayeshtuka juu ya baiskeli huvuta usukani, na mwenye kuvuta usukani ukingoni mwa lami ama huangukia mtaroni ama hujitupa mbele ya kile alichokuwa akikikimbia.

Sikio halimwambii mtu tu kwamba kuna gari, bali humwambia pia lilipo, na kazi hii ya pili inahitaji masikio yote mawili. Sauti itokayo upande wa kulia hulifikia sikio la kulia mapema kidogo kuliko la kushoto, na ingawa tofauti hiyo hata inapokuwa kubwa kabisa haifiki sehemu moja ya elfu ya sekunde, ubongo huitambua na kuitumia, pamoja na tofauti ya ukali wa sauti baina ya masikio hayo, kukadiria upande ambako chombo kinatokea. Hii ndiyo sababu ushauri unaotolewa mara kwa mara, kwamba mtu avae spika moja tu na kuacha sikio jingine wazi, ni nafuu isiyo kamili. Katika Tanzania, Kenya na Uganda, ambako magari hupita upande wa kushoto wa barabara na kwa hiyo humpita mwendesha baiskeli kuliani kwake, sikio la kuachwa wazi lingekuwa la kulia. Nchini Rwanda, Burundi na Kongo lingekuwa la kushoto. Lakini kote huko mwenye sikio moja wazi husikia kwamba kitu kinakuja huku akipoteza sehemu ya uwezo wa kujua kinatokea wapi, na kwenye mataa au kipilefti, ambako vyombo hutokea pande zote, ujuzi huo ndio unaohitajika zaidi.

Lipo pia suala la sauti kufunikwa na sauti nyingine, na hapa ni lazima ikumbukwe kwamba masikio ya mwendesha baiskeli hayaanzi kazi yakiwa katika ukimya. Madaktari wa masikio wa hospitali ya Henry Ford mjini Detroit, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, walipima kelele ambayo upepo wenyewe huizalisha sikioni, wakakuta kwamba kwa kasi ya kilomita 16 tu kwa saa ilikaribia desibeli 85. Desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti ambacho hupanda kwa namna ya kuzidisha, hivi kwamba kila nyongeza ya desibeli 10 humaanisha nguvu ya sauti imekuwa mara kumi. Anayetaka kuusikia wimbo wake juu ya upepo na juu ya ngurumo za barabarani hulazimika kuupandisha uzishinde kelele hizo, na akiupandisha hivyo huwa amejidhuru mara mbili, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa mpaka salama wa usikilizaji kwa mtu mzima, na katika desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4 kwa wiki. Kijana anayekwenda kazini na kurudi kila siku kwa baiskeli, safari ya nusu saa kila upande, huumaliza muda huo kabla ya wiki kwisha.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen nchini Uholanzi, wakiongozwa na Dick de Waard, walilichunguza suala hili mwaka 2011 kwa kuwapa waendesha baiskeli muziki wa namna mbalimbali na kuangalia kama wangeitikia sauti za tahadhari zilizopigwa njiani. Walichokuta ni kwamba usikivu ulishuka kwa waliokuwa wakisikiliza, ukashuka zaidi kwa waliovaa spika zinazoziba tundu la sikio na kwa waliopigiwa muziki wa sauti ya juu au wa mdundo wa kasi, na kwamba ni wale tu waliovaa spika moja ya kawaida, isiyoziba tundu, ambao usikivu wao haukuathirika katika jaribio hilo. Utafiti mwingine, uliochapishwa Marekani mwaka 2012, ulikusanya taarifa za watembea kwa miguu 116 waliokuwa na spika za masikioni na kugongwa na magari au treni kati ya mwaka 2004 na 2011. Zaidi ya nusu yao waligongwa na treni, na katika taarifa 34 ilielezwa kwamba onyo la sauti lilikuwa limetolewa kabla ya ajali. Idadi hiyo ilitokana na habari za magazeti na kumbukumbu za aina hiyo, kwa hiyo haiwezi kuthibitisha kwamba spika ndizo zilizosababisha kila ajali, na waliohusika walikuwa wakitembea, hawakuwa juu ya baiskeli. Hata hivyo zile taarifa 34 ni nzito, kwa sababu zinahusu watu ambao onyo lilitolewa kwa ajili yao, na bado wakagongwa.

Wanaozitetea spika wana hoja mbili zinazostahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni kwamba dereva wa gari dogo, aliyefunga vioo, akawasha kiyoyozi na redio, husikia machache ya nje kuliko mwendesha baiskeli mwenye spika ndogo na muziki wa wastani, na bado hakuna anayemwita mzembe. Hoja hii ni ya kweli. Jarida moja la waendesha baiskeli nchini Australia lilipima jambo hilo mwaka 2011 na kufikia matokeo ya namna hiyo. Lakini dereva huyo ana vioo vitatu vya kumwonyesha nyuma, ana mkanda na bodi ya chuma inayomzunguka, anakwenda kwa kasi inayokaribiana na ya wenzake, na anapokosea kusikia, gharama ya kosa lake mara nyingi hulipwa na mtu mwingine. Usawa wa masikio si usawa wa hatari. Kinachodaiwa kwa haki na hoja hii ni dereva naye apunguze sauti ya redio yake, dai ambalo ni jema na lingepaswa kusemwa mara nyingi zaidi kuliko linavyosemwa.

Hoja ya pili inahusu viziwi, ambao katika nchi nyingi huendesha baiskeli na hata magari bila sheria kuwazuia, na ambao uzoefu wao unaonyesha kwamba mtu anaweza kusafiri barabarani bila kusikia. Jibu lake limo katika mazoea. Mtu aliyezaliwa kiziwi, au aliyeishi na uziwi miaka mingi, amejenga taratibu za macho: hugeuka nyuma kila baada ya muda mfupi, hufunga kioo kwenye usukani, husoma vivuli vya magari juu ya lami na nyuso za watu walio mbele yake wanaotazama kitu kilicho nyuma yake, na hachukui nafasi katikati ya barabara kwa kudhani kwamba ukimya maana yake ni njia nyeupe. Aliyevaa spika huwa amejitia uziwi wa nusu saa huku akiendelea kutumia mazoea ya mtu anayesikia, na ubongo wake, ambao kwa miaka yote umefundishwa kwamba lisilosikika halipo, humpa utulivu ambao hakuulipia kwa macho. Zaidi ya hayo, sauti iliyo sikioni mwake si ukimya. Ni maneno ya mtangazaji, ni simu ya mteja anayeuliza mzigo umefika wapi, ni mpira unaotangazwa dakika ya 88, na kila kimoja kati ya hivyo hudai fungu la umakini ambalo ubongo hauwezi kuligawa bila kikomo. Ndiyo maana spika zinazotumia mfupa, ambazo hukaa juu ya shavu na kupitisha mtetemo kwenye mifupa ya fuvu huku tundu la sikio likibaki wazi, huondoa sehemu moja tu ya tatizo: huliacha sikio wazi, lakini haziufungui umakini ulioshikwa na mazungumzo.

Katika miji ya Afrika Mashariki sauti ina kazi moja zaidi ambayo tafiti za Ulaya haziielezi ipasavyo, kwa sababu huko barabara husemezana zaidi kwa taa na michoro, wakati hapa husemezana kwa honi, kengele, miluzi na kelele za watu. Honi fupi moja ya dereva wa daladala maana yake ni kwamba amekuona na anapita. Fupi mbili tatu za mfululizo zinakutaka usogee. Ile ndefu isiyokatika ni ya dereva ambaye ama amekasirika ama breki zake zinamsumbua, na kwa vyovyote haifai kubishana naye. Muuza aiskrimu hutangaza biashara yake kwa kengele, muuza mikate wa Tanga au wa Unguja hubana honi ya mpira iliyofungwa kwenye usukani, na mwenye guta lililosheheni viroba vya saruji, ambaye hana breki za kuaminika, hupaza sauti kuomba njia tangu mbali. Watu hawa wote wanategemea kusikiwa, na hivyo anayeziba masikio hajiondolei kinga yeye peke yake, bali huvunja upande wake wa makubaliano ambayo wengine wanayategemea.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi makubaliano hayo yanavyofanya kazi kwa undani. Daladala imesimama kituoni, upande wa kushoto, abiria wanashuka, na mwendesha baiskeli aliyekuwa nyuma yake anaanza kuipita kwa kulia. Dereva wa daladala hana muda wa kutazama kioo, anamsubiri konda. Konda anapandisha mguu mmoja kwenye ngazi, anagonga bodi ya gari kwa kiganja na kupaza sauti, “Twende!”, na kabla hata gia haijaingia, mwendesha baiskeli mzoefu aliye usawa wa tairi la nyuma ameshajua kwamba gari lile litachomoka kuelekea kulia ndani ya sekunde mbili, kwa hiyo ama anakanyaga pedali kwa nguvu amalize kulipita, ama anaacha kukanyaga na kulipisha. Hakuna taa iliyowaka wala mkono uliotolewa dirishani. Taarifa yote ilikuwa katika mlio wa kiganja juu ya bati na katika neno moja la konda, na kwa mwenye spika masikioni taarifa hiyo haikutolewa kabisa. Jijini Nairobi makanga wa matatu hufanya vivyo hivyo, na anayeendesha baiskeli huko hujifunza lugha hii kabla ya kujifunza alama za barabarani.

Ni vyema ikumbukwe kwamba muziki juu ya baiskeli si jambo geni katika nchi hizi. Redio ndogo ya betri iliyofungwa kwa kamba au kwa mpira wa tyubu kwenye usukani wa baiskeli ya Phoenix, ikipiga taarabu au ikitangaza mpira, imekuwa mwenzi wa safari wa wakulima, wavuvi na wafanyabiashara wadogo kwa miongo mingi, na hakuna aliyeiona kuwa hatari kwa sababu sauti yake ilichanganyika na sauti za njia badala ya kuzifungia nje, na kwa sababu waliokuwa mbele walimsikia mwenye redio kabla ya kumwona. Hamu ya mtu kusindikizwa na sauti katika safari ndefu ya kuchosha ni hamu ya haki, na wanaoizungumzia kwa dharau hawajafikiria maana ya kusukuma kutoka Kisarawe hadi mjini Dar es Salaam magunia ya mkaa yaliyopangwa nyuma ya kiti. Kinachobishaniwa ni njia ya kuikidhi hamu hiyo mahali penye magari, si hamu yenyewe.

Wakati huohuo vyombo vyenyewe vinaanza kunyamaza. Pikipiki za umeme zimekwisha kuingia katika biashara ya bodaboda mjini Kigali, Nairobi na Kampala, na mabasi ya umeme yanabeba abiria Nairobi tangu mwaka 2022. Kwa mapafu ya wakazi wa miji hiyo hii ni habari njema isiyo na shaka. Kwa masikio ya mwendesha baiskeli ni mabadiliko yanayotaka tahadhari mpya, kwani chombo cha umeme kikiwa katika mwendo mdogo hutoa sauti kidogo mno, na mlio wa matairi huanza kusikika vizuri pale tu kasi inapopanda. Umoja wa Ulaya umeyalazimisha magari ya umeme ya aina mpya, tangu mwaka 2019, kutoa sauti ya bandia yanapokwenda chini ya kilomita 20 kwa saa, lakini kanuni ya Umoja wa Mataifa ambayo sharti hilo limejengwa juu yake inahusu magari ya abiria na ya mizigo, haihusu pikipiki. Anayezoea leo kusafiri na spika kwa kuamini kwamba injini ya bodaboda itamshtua anajenga mazoea juu ya mlio ambao kesho hautakuwepo.

Kutokana na haya yote ingeonekana kwamba njia iliyo wazi ni kutunga sheria ya kukataza, na zipo nchi zilizofanya hivyo. Ufaransa iliwapiga marufuku madereva na waendesha baiskeli kuvaa kifaa chochote cha sauti masikioni kuanzia tarehe 1 Julai 2015, kwa faini ya yuro 135. Uhispania nayo inakataza. Jimbo la California nchini Marekani halimruhusu mwendesha baiskeli kuziba masikio yote mawili, ila linamwachia moja. Ujerumani haikatazi kifaa, bali inamtaka msafiri ahakikishe kwamba usikivu wake haukuathirika. Uholanzi, ambayo raia wake huendesha baiskeli kuliko karibu wote wengine duniani, ilikataza mwaka 2019 kushika simu mkononi juu ya baiskeli na kuwaachia watu muziki wao. Msimamo huo wa Waholanzi haukutokana na uzembe. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watoto 400 nchini mwao, wazazi wakaingia mitaani kudai mauaji hayo yakome, na kwa miongo iliyofuata nchi ile ikajenga njia za baiskeli zilizotengwa na magari, ambazo leo urefu wake unahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya kilomita. Mtoto wa Utrecht anaweza kusikiliza wimbo kwa sababu lori haliko kwenye njia yake.

Yaliyotokea London mwezi Novemba 2013 yanaonyesha upande wa pili. Katika muda wa wiki mbili waendesha baiskeli 6 waliuawa katika jiji hilo, na Boris Johnson, aliyekuwa meya wakati huo, akasema redioni kwamba hangepinga spika za masikioni kupigwa marufuku kwa waendesha baiskeli. Mjadala ukahamia masikioni mwa marehemu na wenzao, wakati ambapo wote sita walikuwa wamegongwa na magari makubwa, yaani malori na mabasi, na wakati ambapo ilijulikana tangu kale kwamba dereva wa lori la kawaida, aliyekaa juu mno na nyuma ya kioo kidogo, hamwoni mtu aliye karibu na bampa lake la mbele au ubavuni mwake. Marufuku haikutungwa. Kilichokuja baadaye, na ambacho kilistahili kutangulia, ni njia za baiskeli zilizotenganishwa na magari kwa kingo za zege, pamoja na kanuni inayoyapima malori yote ya zaidi ya tani 12 kwa kiasi ambacho dereva anaweza kuona moja kwa moja kupitia vioo vya kabini, na kuyanyima kibali cha kuingia jijini yale yanayoshindwa na yasiyofungwa vifaa vya ziada vya usalama, kanuni ambayo ilianza kusimamiwa mwaka 2021.

Hatari ya kuanzia masikioni ni ya kisheria pia. Nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Uingereza, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, zinatambua kanuni iitwayo uzembe wa kuchangia, ambayo kwayo mahakama hupunguza fidia ya aliyejeruhiwa kwa kiwango ambacho inaona naye alichangia madhara yaliyompata. Kanuni hiyo ina haki yake. Lakini mahali ambapo spika zimetangazwa kuwa kosa, kila wakili wa kampuni ya bima atauliza kwanza kama marehemu alikuwa nazo, na familia ya fundi aliyegongwa na lori lisilo na breki itajikuta ikijitetea kuhusu wimbo. Askari wa barabarani naye, aliyepewa kosa jepesi la kukamata, atamkamata mwenye baiskeli, ambaye hana kasi ya kukimbia wala uwezo wa kubishana, kabla ya kulisimamisha lori lililojaa kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka barabarani, na kwamba waendesha baiskeli ni asilimia 6 ya hao na watembea kwa miguu asilimia 23. Wengi wa watu hao hufia mahali ambapo hapakuwa na njia yao.

Ahadi za kuwapa njia hiyo zimeshatolewa. Mradi wa mabasi ya mwendokasi ulioanza kubeba abiria Dar es Salaam mwaka 2016 ulikuja na njia za baiskeli kandokando ya Barabara ya Morogoro, na kila anayezitumia anajua jinsi zinavyokatizwa na meza za biashara, na bodaboda zinazokimbia foleni, na magari yaliyoegeshwa. Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sera ya usafiri usiotumia injini, iliyotaka asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Kabla ya mamlaka yoyote ya nchi hizi kufungua mswada wa spika, ingefaa ionyeshe hesabu za ahadi kama hizo.

Kwa mwendesha baiskeli wa leo, ambaye hawezi kuusubiri mwaka ambao njia hizo zitakamilika, ushauri unabaki kuwa mgumu na wa wazi. Kwenye barabara kuu, kwenye mataa, kwenye kipilefti na mahali popote penye daladala, spika zikae mfukoni, zote mbili. Simu ikilia, baiskeli isogezwe kando ya lami na kusimamishwa kabla ya kupokea. Kioo kidogo kifungwe kwenye usukani, hata kwa anayesikia vizuri. Kwenye njia ya vumbi ya shambani au ufukweni, ambako hakuna gari, mtu asikilize apendacho kwa sauti ya wastani. Anayeishi kwa kusambaza mizigo na kuelekezwa njia na simu ana haki ya kudai mwajiri wake ampe kishikizo cha simu cha usukani na muda wa kutosha wa kusimama, kwa maana haraka anayolazimishwa nayo ndiyo inayomtia spika masikioni.

Kwa upande wa madereva, Uingereza iliandika mwaka 2022 katika kanuni zake za barabarani kwamba anayempita mwendesha baiskeli kwa kasi isiyozidi kilomita 48 kwa saa aache nafasi ya angalau mita 1.5, na aongeze nafasi hiyo kasi inapozidi. Kipimo kama hicho, kikiandikwa kwa Kiswahili na kufundishwa katika kila shule ya udereva kuanzia Mombasa hadi Mwanza, kingemsaidia mwenye baiskeli anayesikia na asiyesikia kwa pamoja. Na pale ajali inapotokea, fomu ya polisi ya ukaguzi iwe na nafasi ya kuandika kama marehemu alikuwa na spika masikioni, mradi katika ukurasa huohuo iandikwe pia kasi ya gari lililomgonga, hali ya breki zake, umbali uliokuwepo baina yao, na upana wa njia ya baiskeli mahali alipoangukia, hata kama upana huo ni sifuri.